Tupunguze Taa, Kuna Wageni Angani

Majirani zangu wa Galu na Kinondo, wenye hoteli na wenye nyumba za kupangisha, mameneja, askari wa zamu ya usiku na nyinyi mnaoamka alfajiri kufagia varanda, nina ombi kuhusu taa zetu.

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, kaskazi inapoingia, ndege wa Ulaya na Asia huteremka kwetu wakikimbia baridi. Wengine hukaa hapa hapa, kina sululu na vitwitwi tunaowaona wakidonoa miambani maji yakikupwa. Wengine hupita tu kwenda kusini, na Machi na Aprili huanza kurudi kwao. Wakishaondoka hao, wakati wa kusi, huja wengine kutoka kusini mwa Afrika, akiwemo pitta, ndege wa msituni mwenye tumbo jekundu ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona.

Wengi wao husafiri usiku. Hewa imetulia, mwewe wamelala, na nyota zinawaonyesha njia. Shida huanza mawingu yakifunika nyota na mbele kukawa na jengo linalowaka. Ndege huvutwa na ule mwanga, akazunguka mpaka akaishiwa nguvu, au akagonga kioo ambacho hakioni.

Kenya tunalijua jambo hili kwa miaka mingi. Loji ya Ngulia, kule Tsavo Magharibi, ilifunguliwa mwaka 1969 ikiwa na taa kubwa za kuwamulikia wageni wanyama. Usiku wa ukungu usio na mwezi, Novemba na Desemba, ndege walishuka kwa maelfu kwenye mwanga huo. Wataalamu wakatega nyavu, wakaanza kuwavisha pete ndogo mguuni kabla ya kuwaachia, na kazi hiyo imetufunza mengi kuhusu njia zao. Kati ya wanaonaswa sana kuna kindege wa kahawia wa gramu 12 hivi, anayezaliwa Ulaya na kuvuka jangwa kuja huku. Ngulia ni loji moja tu juu ya kilima. Sisi tuna ufuo mzima unaowaka.

Huko Chicago, usiku mmoja wa Oktoba 2023, jengo moja la mikutano kando ya ziwa liliua ndege karibu 1,000. Watafiti waliokuwa wakiokota ndege pale walikuwa wameshaona kwamba madirisha mengi yakiwa gizani, maiti hupungua. Mwaka uliofuata vioo vikabandikwa vidoa vidogo ndege wavione, na vifo vikashuka sana.

Najua mtasema usalama, na ni haki yenu. Lakini taa inayomulika angani haimwonyeshi askari mwizi. Inampiga machoni tu. Ivisheni kofia, ielekezeni chini, na ikiwezekana iwake mtu anapopita. Zile taa za kupamba minazi, zinazopiga juu kutoka mizizini, zizimwe saa nne usiku, wageni wakishamaliza kula. Mapazia yafungwe. Balbu za manjano hafifu ni afadhali kuliko nyeupe kali, na hapo mtakuwa mmewasaidia pia watoto wa kasa, ambao wakianguliwa huufuata mwanga wa nyumba badala ya kushika njia ya baharini. Bili ya stima nayo itashuka.

Mkikuta ndege ameduwaa chini ya dirisha asubuhi, msimtilie maji mdomoni. Mwekeni kwenye boksi lenye matundu, penye kivuli na kimya, paka asifike. Akianza kuchangamka, mfungulieni karibu na miti.

Wazee wametutunzia Kaya Kinondo, ambayo tangu 2008 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Ndege aliyechoka bado anapata msitu wa kutua hapa. Kinachobaki ni sisi kumwachia giza la kuufikia, hasa usiku wa mawingu na mvua.

Leo usiku shukeni ufuoni, mgeuke mtazame nyumba zenu kutoka upande wa bahari. Taa ambayo balbu yake mnaiona waziwazi mkiwa mchangani, anzeni na hiyo.