Neno "Hakuvaa" na Kalamu za Makarani

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika gazeti letu nipate kunena juu ya neno moja dogo, ambalo sisi makarani tumelizoea mno hata hatulioni tena kuwa ni neno la kudhulumu. Neno lenyewe ni "hakuvaa". Fundi wa karakana akiingiwa na cheche jichoni, mfagiaji wa hospitali akichomwa na sindano iliyotupwa katika takataka, kibarua wa barabara akiangukiwa na jiwe, huletwa karatasi ya taarifa ya ajali. Na karani, kabla hajauliza habari ya pili, huandika: Mhusika hakuvaa vifaa vya kujikinga. Kisha karatasi hupelekwa kwa mkubwa ikatiwe sahihi, na shauri limekwisha. Aliyeumia amegeuzwa kuwa mkosaji, na wino uliomgeuza ni wetu.

Sisemi ya kwamba vifaa vya kujikinga havina maana. Anayedhani hivyo na asimame siku moja penye jiwe la kunolea chuma bila miwani. Nasema ya kwamba kifaa ni ngao ya mwisho, wala si ya kwanza. Wajuzi wa mambo ya usalama kazini wanao utaratibu wao unaojulikana dunia nzima. Kwanza hatari iondolewe kabisa. Isipowezekana, kitu kile cha hatari kibadilishwe kwa kingine chenye madhara haba. Kisha mashine ifunikwe, vumbi lirowanishwe au livutwe nje. Kisha kazi ipangwe kwa zamu na watu wafundishwe. Baada ya hayo yote, kwa ile hatari iliyosalia, ndipo mtu avishwe. Lakini kwetu mambo huanzia mkiani. Hununuliwa glavu katoni mbili, wakubwa hupigwa picha wakizigawa, na mashine iliyokosa kifuniko huendelea kuzunguka vile vile.

Anayetaka kujua desturi hii inakofikisha watu na asome habari za handaki la Hawks Nest, karibu na Gauley Bridge, katika jimbo la West Virginia, Marekani. Kazi ilianza mwaka 1930: kupasua mlima ili maji ya mto yapite chini yake yakazungushe mitambo ya umeme. Vibarua walikuwa maelfu, na wengi wao walikuwa watu weusi waliotoka majimbo ya kusini kutafuta riziki katika miaka ile ya dhiki. Mwamba wenyewe ulikuwa wa silika, ambayo vumbi lake ni jembamba hata jicho halioni sehemu iliyo mbaya zaidi. Likiingia mapafuni hukaa humo na kuyafanya makovu, na maradhi yale hayana dawa ya kuyaponya hata leo. Ya kwamba maji yakimwagwa penye keekee vumbi hutulia, jambo hilo lilikuwa likijulikana wakati ule. Walakini kuchimba kukavu ni kwepesi na kwa haraka, na haraka ilitakiwa. Mwaka 1936 kamati ya Bunge la Marekani ilisikiliza ushahidi wa mambo hayo, na ikaelezwa ya kwamba wakubwa walipoingia kukagua walivaa barakoa, nao vibarua hawakupewa. Idadi ya waliokufa iliyotajwa katika shauri lile ni 476. Daktari Martin Cherniack, aliyeandika kitabu juu ya msiba huo mwaka 1986, alikadiria 764.

Basi niulize: kama karani wa siku zetu angalikuwa pale na karatasi yake, angaliandika nini juu ya kila maiti? Angaliandika "hakuvaa". Na maneno yake yangalikuwa kweli tupu! Ndiyo maana nasema tujihadhari na neno hili, kwa kuwa laweza kuwa kweli na bado likaficha kila kitu: likaficha maji yasiyomwagwa, likaficha amri ya haraka, likaficha barakoa zilizokuwa nyusoni mwa wengine.

Pengine mtasema hayo ni ya mbali na ya zamani. Haya, na tutazame jirani. Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, Uganda. Katika hospitali ya Lacor mganga mkuu alikuwa Dkt. Matthew Lukwiya, na ni yeye aliyesimamia wodi ya kutenga wagonjwa na kuwashikilia wauguzi wafuate kanuni za mavazi pasipo kulegeza. Yeye mwenyewe alikufa kwa maradhi yale tarehe 5 Desemba 2000. Inasimuliwa ya kwamba aliitwa usiku kumsaidia muuguzi aliyekuwa mahututi, akaenda na glavu, joho na barakoa, lakini macho yake hayakuwa na kinga. Je, naye tumwandikie uzembe? Hakuna aliyejua kanuni kumshinda. Mtu aliyeamshwa usiku baada ya majuma mengi ya kazi na misiba, mikono ni michache na wauguzi wenziwe wamekwisha kufa, huyo hashindwi na vazi. Hushindwa na uchache wa watu. Na miaka kumi na minne baadaye, Ebola ilipozishika Guinea, Liberia na Sierra Leone, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kuwa watumishi wa afya waliambukizwa mara 21 hadi 32 kuliko watu wazima wengine, kwa kadiri ya kazi zao.

Sasa nageukia hoja ambayo husemwa sana na wakubwa, na hata na baadhi yetu tunapotaka kuonekana wakubwa: "Watu wetu hawapendi kuvaa." Mabwana na mabibi, mmekwisha kumwuliza mtu sababu? Mguu wa namba sita hupewa buti la namba kumi, kwa kuwa zabuni ilikuwa ya namba moja tu. Mwanamke hupewa glavu iliyokatwa kwa mkono wa mwanamume, ncha za vidole zikining'inia karibu na msumeno. Miwani hufunga ukungu kwa jasho la Dar es Salaam, mtu akawa kipofu mbele ya moto. Barakoa ya kitambaa hugawiwa mahali pa vumbi la mawe, nayo haizuii vumbi lile. Na ile iwezayo kuzuia haina faida isiposhika uso barabara pande zote. Mtu huyo akivua, avua kitu kisichomfaa. Akili yake ni nzima.

Na sisi tulio bohari tuna letu. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, nimeona daftari ambalo glavu na kofia ngumu zilitolewa siku moja kabla ya mkaguzi kufika, zikarudishwa siku moja baada ya kuondoka kwake. Safu zilinyooka, mwandiko ulikuwa mzuri, hesabu ikakubali. Nimeona pia watu wakitiwa sahihi ya kupokea kabla ya kupokea, "ili karatasi zisichelewe". Sahihi ile ndiyo itakayotolewa siku ya ajali kuonyesha kwamba mtu alipewa akadharau.

Sheria haiko upande wa desturi hii. Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, na ile ya Kenya ya 2007, zote zamtwika mwajiri wajibu wa kutoa vifaa vya kujikinga na kuvitunza vikafaa. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema katika kifungu cha 21 ya kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Kwa hiyo anayekata mshahara kwa ajili ya buti na ajue akatacho. Mwezi Juni 2022 mkataba huo ulitiwa katika mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama yapasa kuheshimu misingi yake hata kama haijatia sahihi.

Kwa hiyo nimempelekea Bwana Katibu wa tawi hoja kwa maandishi, ili isomwe katika mkutano ujao. Naomba wanachama walio masjala na bohari wakubaliane mambo haya: asiandike mtu "hakuvaa" pasipo kuandika chini yake kama kifaa kilikuwapo, kilikuwa cha kipimo gani, kilitolewa tarehe ngapi, na kwa nini hatari yenyewe haikuondolewa, sahihi ya kupokea isichukuliwe kabla ya kitu kuwa mkononi, na daftari la bohari liwe wazi kwa mkaguzi siku yoyote afikapo. Najua wako watakaosema tunajitafutia ugomvi na wakubwa. Hao nao waje mkutanoni waseme hivyo mbele ya mfagiaji aliyechomwa sindano, maana nimemwalika.

Wako mtiifu,
Karani wa Masjala