Tangi Nalo Huvuta Pumzi

Walimu wanafunzi wanapokwenda mazoezini hulipenda sana jaribio la debe. Debe hutiwa maji kidogo, hutelekwa mpaka mvuke ukatoka kwa wingi, huipuliwa, hufungwa kizibo, kisha humwagiwa maji baridi. Likabonyea lote mbele ya darasa. Watoto hushangilia, mwalimu huandika ubaoni “kanieneo ya hewa”, na kipindi kimekwisha. Kwa maoni yangu, ombwe lililofundishwa namna hiyo limekuwa mazingaombwe, tena yenye hatari ambayo andalio la somo halikuitaja.

Debe lile ni tangi dogo. Mvuke umekwisha kuifukuza hewa. Ukipoa hurudi kuwa maji, ambayo huchukua nafasi ya kiasi cha sehemu moja tu katika 1,600. Ndani hubaki karibu utupu. Nje hewa hukandamiza kwa uzito wa kilo 1 hivi juu ya kila sentimita mraba.

Mtoto wa Kiwengwa ana mfano ulio karibu zaidi. Juu ya mapaa ya nyumba na hoteli yapo matangi ya plastiki. Pampu ivutapo maji, sharti hewa iingie kushika mahali pake. Mwenye tangi akiliziba tundu la hewa kwa tambara, kwa kuogopa mbu, kuta zaweza kuingia ndani. Kumbe wavu mwembamba ungetosha. Hali kadhalika matangi makubwa ya mafuta, kama yale yaliyojengwa Mtoni: matangi ya jinsi hiyo huwekewa vali za kupumulia, mafuta yakiingia hewa itoke, yakitolewa hewa iingie. Wape darasa la sita hesabu hii. Upungufu wa kanieneo unaolingana na kina cha sentimita 10 tu za maji hutwika kilo 100 juu ya kila mita mraba. Paa la tangi lenye mita mraba 50 litatwikwa tani 5.

Ama hatari yenyewe ni hii: afungaye kizibo debe likiwa bado motoni hatengenezi ombwe, anatengeneza bomu. Na mtoto aliyefurahishwa skuli atataka kulirudia jaribio nyumbani, pengine kwa mkebe wa dawa ya mbu au kopo lililokuwa na petroli.

Natoa rai tutumie chupa nyembamba ya plastiki, ambayo kwa bahati mbaya ufukweni haikosekani. Mwalimu mwenyewe aitie maji ya moto yasiyochemka, aisukesuke, ayamwage, aifunge mara moja, aimwagie maji baridi. Wako watakaosema kwamba haina kishindo cha debe. Ni kweli, hubonyea polepole, watoto wakapata nafasi ya kuuliza. Ifunguliwe kizibo, wasikilize hewa ikiingia. Halafu watolewe nje, walitazame tangi la skuli, waonyeshe hewa yake hupitia wapi.