Pazia, ubao na chupa ya chai

Mzee anayekaribia miaka sabini anaingia chumba cha daktari, kofia mkononi, anasimama hatua mbili kutoka mezani na kumwambia kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake: "Shikamoo, daktari." Kijana bado anamalizia kuandika kwenye daftari la mgonjwa aliyetangulia. Kalamu haisimami. "Marahaba. Nini shida?"

Yeyote aliyewahi kusubiri kwenye benchi la zahanati ameliona hilo, na pengine hakulishangaa. Nje ya mlango ule kijana ndiye angeanza kuamkia, na asingefanya hivyo angeambiwa hakufunzwa kwao. Ndani, umri umepinduliwa, na wote wawili wanajua sababu: mmoja ana maumivu, mwenzake ana dawa. Mara nyingi hata huyo "daktari" ni tabibu, ila mgonjwa hapungukiwi kitu kwa kumpandisha cheo.

Ubaya wa shikamoo ya namna hiyo uko katika yale yasiyosemwa baada yake. Mgonjwa mwenye woga hasemi kwamba alianza na mitishamba. Hasemi kwamba dozi aliikatiza siku ya tatu, alipopata nafuu. Haulizi kidonge kinamezwa kabla ya kula au baada. Anaitikia "ndiyo, daktari", anabeba bahasha yake ya dawa na kwenda kumuuliza jirani.

Chukua mfano wa Ruaha, kata ya wilaya ya Kilosa iliyo kwenye barabara inayotoka Mikumi kupitia Kidodi kwenda Ifakara. Mto Ruaha Mkuu uko hapo hapo, na ukivuka daraja umeingia Kidatu, wilaya ya Kilombero. Kiwanda cha sukari kina mitambo kila upande wa mto, Ruembe huku na Msolwa kule, na msimu wa kukata miwa huleta watu kutoka mikoa mingi. Wavidunda wanashuka na wagonjwa wao kutoka milimani. Wafugaji wa Kimasai na wa Kibarabaig wanatoka mabondeni. Muuguzi naye aghlabu ni mgeni. Amepangiwa kituo na serikali, kwao labda ni Kagera au Mtwara, na hajui hata neno moja la lugha ya mama aliyelala mbele yake. Kiswahili kinawakutanisha, lakini kwa mama wa Kimasai aliyeanza uchungu usiku, Kiswahili chenyewe kinaweza kuwa cha kubabaisha. Akikaa kimya anaonekana mkaidi. Muuguzi akipaza sauti ili aeleweke, anaonekana anagomba.

Watu hawa wanakutana mara nyingi zaidi kuliko zamani. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 63 ya waliojifungua walikuwa kwenye kituo cha huduma. Mwaka 2022 walifika asilimia 81. Makadirio ya vifo vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 yalishuka kati ya tafiti hizo mbili kutoka 556 hadi 104. Namba ya bure 115 ya mfumo wa m-mama sasa inamwezesha mjamzito au mzazi aliyepata dharura kuitiwa gari la wagonjwa, au dereva wa kawaida aliyesajiliwa pale ambapo gari hilo halipo. Kwa miaka mingi wanawake walihimizwa waende kujifungulia kituoni, na wamekwenda. Wanachokikuta mlangoni ndicho kinachostahili kuzungumzwa leo.

Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, mwendo wa saa chache kusini mwa Ruaha, walilitazama jambo hilo wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani. Mradi wao waliuita Staha, na jina hilo pekee lilitosha kuueleza. Walikwenda Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, wakawahoji wanawake zaidi ya 1,700 waliokuwa wanatoka hospitali au kituo cha afya baada ya kujifungua. Takriban asilimia 19 walisema walitendewa vibaya kwa namna moja au nyingine: kufokewa, kusemwa kwa maneno ya kejeli, kuita bila kuitikiwa. Kisha baadhi yao walifuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye. Huko, mama amekaa kwenye mkeka wake na mtoto kifuani, asilimia ikapanda hadi 28.

Tofauti hiyo ya kati ya 19 na 28 inaeleza mengi kuliko namba zote mbili. Wanawake wale hawakutendewa mabaya mapya njiani. Walisema nyumbani walichokimeza langoni.

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kusomwa na kila mganga mfawidhi. Katika moja ya wilaya hizo, wahudumu, viongozi na wananchi waliketi pamoja wakaandika mkataba wa huduma, kila upande na haki zake na wajibu wake. Halafu hospitali ikaanza kurekebisha mambo ambayo hayangeweza kumpeleka waziri mahali popote kukata utepe. Mapokezi ya wajawazito yalihamishiwa kwenye chumba chenye faragha, mama aweze kuuliza na kujibiwa bila foleni nzima kusikia. Mapazia yalitundikwa leba na penye vitanda vya uchunguzi. Dawa na vifaa vilivyokwisha viliorodheshwa ukutani, mahali pa kuonekana na wote. Wazazi waliulizwa maoni kabla ya kuondoka, wahudumu nao wakajipima wenyewe. Wahudumu wakapewa na chai kazini.

Chai! Mkaguzi wa hesabu angeikata kwa kalamu nyekundu. Lakini tathmini iliyochapishwa mwaka 2017 ilionyesha kuwa uwezekano wa mama kudhalilishwa wakati wa kujifungua ulikuwa umeshuka kwa takriban theluthi mbili. Hapakujengwa jengo jipya. Wakunga wakali hawakufukuzwa wote wakaletwa wapole. Ni watu wale wale, waliopangiwa kazi kwa namna nyingine, na sasa wakikumbukwa kwamba nao huona njaa saa tisa ya usiku.

Hapo ndipo hotuba nyingi kuhusu "lugha nzuri kwa wagonjwa" zinapokosea. Zinachukulia kwamba huruma ni tabia ya mtu, anayo au hana, na asiyekuwa nayo aonywe. Lakini hebu atazamwe muuguzi wa zamu ya usiku kwenye kituo kisicho na wahudumu wa kutosha, na upungufu huo umekuwa wimbo wa sekta ya afya nchini miaka nenda rudi. Leba kuna wanawake watatu. Mmoja anavuja damu. Mapokezi kuna mtoto mwenye degedege. Wa nne akiita "sista, sista", jibu linatoka kali, na kesho yake muuguzi huyo ndiye habari ya kijiji.

Mikumi inajua usiku wa aina hiyo. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita mjini na kukata hifadhi ya taifa kwa kilomita 50 hivi, malori na mabasi usiku na mchana. Ajali ikitokea, wahudumu wa hospitali ya Mtakatifu Kizito hawaulizwi kama wamelala. Kwa ukubwa wa janga, mkoa wa Morogoro wote unakumbuka Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu na kulipuka, watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Kuna wauguzi walioosha vidonda vya moto vya vijana wale siku baada ya siku, Morogoro na Muhimbili. Magazeti yaliwapiga picha viongozi waliokwenda kutoa pole.

Na kuna upande ambao wagonjwa na ndugu zao hawapendi kuusikia. Ndugu wa majeruhi wa bodaboda huingia kumi kwa mpigo, mmoja amelewa kidogo, mwingine anarekodi kwa simu, wote wanataka daktari "sasa hivi". Akiuliza fomu ya PF3 ya polisi, muuguzi anatukanwa kana kwamba yeye ndiye aliyeitunga. Anasukumwa. Anatishiwa kwamba wanamjua mheshimiwa fulani. Kwa Kiswahili, ndugu aliyeketi kando ya kitanda anauguza, na anayetundika dripu naye anauguza. Kitenzi kimoja kinawatosha wote wawili. Ni ajabu kwamba wanaofanya kazi yenye jina moja hugeuka maadui kwa sababu ya foleni.

Dharau kwa mganga ikifika mbali, nchi nzima huilipia. Mwaka 2012 madaktari waligoma zaidi ya mara moja, wakidai mazingira bora ya kazi, vifaa na posho. Usiku wa mwisho mwisho wa Juni, kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa, akapigwa vibaya na kutupwa msitu wa Mabwepande. Wagonjwa, ambao hawakuwa upande wowote, walirudishwa nyumbani na vidonda vyao. Tangu hapo hali imetulia, lakini daktari aliyekuwa mwanafunzi mwaka ule leo ndiye anayesimamia wodi, na anakumbuka.

Watu wa Mikumi wana kumbukumbu nyingine, ya karibu zaidi. Joseph Haule, Profesa Jay wa muziki wa hip hop, alikuwa mbunge wao kuanzia 2015 hadi 2020. Mapema 2022 alilazwa Muhimbili akiwa hoi, akakaa kwa wagonjwa mahututi kwa zaidi ya miezi mitatu. Serikali ilibeba gharama, naye alipopona alianzisha taasisi ya kuwasaidia wagonjwa wa figo. Mtu aliye katika hali ile hajigeuzi kitandani, hajifuti jasho, na hana cheo. Anategemea mikono ya watu ambao huenda hajawahi kuwasalimia maishani. Lakini haki itendeke katika kusema: mkata miwa wa Ruembe mwenye figo zilizochoka hana wa kumbebea bili. Kwake, kabla ya kauli ya muuguzi, kuna dirisha la malipo.

Dirisha hilo ndilo chanzo cha ugomvi mwingi unaoitwa wa lugha. Sera inasema huduma za mjamzito ni bure. Mjamzito huyo huyo kliniki anaambiwa aje na kanga safi, glavu, wembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika, beseni. Mume akisikia anaamini muuguzi anafanya biashara. Muuguzi kwa upande wake anafungua kabati na kukuta boksi la glavu limebaki na jozi mbili. Wote wawili wamedanganywa na mtu wa tatu ambaye hayupo chumbani, na kwa kuwa hayupo, wanamalizana wao kwa wao. Orodha ile ya ukutani, "glavu zimekwisha tangu Jumatatu, zimeagizwa", inamwondoa muuguzi kwenye tuhuma kwa gharama ya kipande cha chaki. Kituo kinachoficha upungufu wake ili kisionekane kibaya kwa wakubwa kinawatoa kafara watumishi wake mbele ya wananchi.

Hii haina maana kwamba kila kosa lisamehewe kwa sababu ya uhaba. Kumpiga kofi mwanamke aliye kwenye uchungu hakusababishwi na ukosefu wa glavu. Kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga, na yote mawili yana mamlaka juu ya leseni. Kwa mtu wa Vidunda, hata hivyo, mabaraza hayo ni kama yako mwezini. Lililo karibu naye ni sanduku la maoni, ambalo ufunguo wake anao yule yule anayelalamikiwa. Ufunguo huo ukae kwa mwananchi aliye kwenye kamati ya kituo, na barua zifunguliwe mbele ya kikao.

Kamati hizo zina nguvu kuliko wajumbe wake wengi wanavyodhani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na matumizi yake hupitia kwenye kamati yenye wajumbe wa kijijini. Pazia la leba, ubao mweusi, chupa mbili za chai na sukari, ambayo Ruaha inanukia kila msimu wa miwa, ni vitu ambavyo kikao kimoja kinaweza kuvipitisha bila kusubiri Dodoma. Mjumbe mmoja ainue mkono. Na katika kikao hicho hicho mganga mfawidhi aulizwe kama kijana wake wa chumba namba mbili anaweza kuweka kalamu chini mzee anapoingia, akamwamkia yeye kwanza.