Benki ina faida, mteja hana pesa

Ukisoma hesabu za benki kubwa za Kongo, hutaona mgonjwa. Wageni wanazigombea: Equity ya Kenya iliichukua BCDC mwaka 2020, KCB ikanunua asilimia 85 ya TMB mwaka 2022, na Nairobi haijulikani kwa kufuata hasara. Lakini mwalimu wa kijiji cha Mpofi, Kivu Kaskazini, anayelipwa kupitia benki hapimi afya ya benki hiyo kwa faida. Yeye anauliza pesa yake ataipata lini, na kwa kipimo hicho benki zetu ni dhaifu.

Mwaka 2016 benki ya BIAC ilipokatiwa mkopo wa Benki Kuu, wateja walianza kupimiwa pesa zao wenyewe. Pale ugonjwa ulikuwa vitabuni. Goma ni kisa kigumu zaidi: waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, tawi la Benki Kuu lilifungwa, benki za biashara nazo zikafunga, ingawa hakuna iliyofilisika. Mshahara uliingia kwenye akaunti ukakaa humo, na aliyetaka noti mkononi akaziacha nyingine kwa wakala wa pesa za simu kama kamisheni. Vita vilifichua tu udhaifu wa zamani. Amana nyingi mno nchini, takriban asilimia 90, ni za dola, na dola hazichapishwi Kinshasa. Benki ikipungukiwa franka, Benki Kuu inaweza kuiokoa; ikipungukiwa dola, inabaki na kilichomo kwenye kasha lake na kile kitakacholetwa. Njia ya kuleta ikikatika, faida ya mwaka jana haimlipi mtu.

Wenye benki watajibu kwamba hakuna awezaye kufungua kasha mbele ya bunduki, na kwamba noti zikipelekwa huko zitawanufaisha waasi. Wana haki, na sidai wafungue. Ila kufunga mlango hakufuti deni. Benki Kuu ingeweza kuzilazimisha benki zitangaze amana na mikopo kwa kila jimbo, tujue pesa za Kivu Kaskazini zinakopeshwa wapi. Zisitoze ada akaunti ambazo mwenyewe hawezi kuzifikia. Zisimamishe riba kwa mfanyabiashara aliyefungiwa akiba yake huku deni lake likihesabiwa. Tena zibebe zenyewe kamisheni ya wakala pale ambapo simu ndiyo dirisha pekee lililobaki. Gharama hizo zitapunguza faida, bila shaka. Hapo hesabu zitakuwa zimekaribia ukweli.