Cheti Kimepatikana, Lakini Nani Amefundishwa?



Wengi wenu, mkijaliwa kupata kazi katika shirika kubwa, mtaianza kwa namna ile ile. Mtatumiwa anwani ya intaneti na kuagizwa kumaliza kozi kadhaa kabla ya mwisho wa juma: usalama wa safari, matumizi ya fedha, kukataa rushwa, mwenendo mwema mbele ya wananchi. Mwishoni mwa kila kozi huja maswali, na baada ya maswali huja cheti. Wakubwa wa kazi huvihesabu vyeti hivyo, kisha huandika katika ripoti ya mwaka kwamba wafanyakazi wote wamefundishwa. Nataka tulipime neno hilo, na nitalipima kwa jambo lililotukia kwetu, kwa kuwa huko gharama yake ilionekana wazi.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ulifika pia Ituri, ukadumu hadi tarehe 25 Juni 2020, na ukachukua roho za watu 2,287. Watu wengi waliajiriwa kwa haraka: madereva, wachanjaji, wasafishaji, wazikaji, makarani, walinzi. Mahali penye kazi chache na wahitaji wengi, mtu anayeshika kalamu ya kuandika majina ya watakaoajiriwa ana nguvu kubwa kuliko cheo chake. Mwaka 2020 waandishi wa The New Humanitarian na wa Thomson Reuters Foundation walichapisha masimulizi ya wanawake zaidi ya hamsini, wengi wao wakisema kwamba walidaiwa miili yao ili wapewe kazi. Shirika la Afya Duniani liliunda tume huru, iliyoongozwa na Bibi Aïchatou Mindaoudou wa Niger pamoja na Bibi Julienne Lusenge wa hapa kwetu. Ripoti yake ya tarehe 28 Septemba 2021 ilitaja watuhumiwa 83, na 21 miongoni mwao walikuwa wameajiriwa na Shirika hilo la Afya. Mkurugenzi Mkuu wake aliomba msamaha hadharani.

Je, sheria ilikosekana? Hapana. Tangu mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alikuwa ameandika waziwazi kwamba ni marufuku kutoa fedha, kazi, vitu au msaada ili kupata ngono. Ni marufuku pia kufanya ngono na mtu asiyetimiza miaka 18, hata kama sheria ya nchi inaruhusu, na kusema "nilidhani ni mkubwa" hakumwokoi mtu. Tena kila mfanyakazi anayeshuku kosa la namna hiyo amepewa wajibu wa kutoa taarifa. Maneno hayo yalikuwa na umri wa miaka 15 Ebola ilipoingia Mangina. Tume iliona kwamba mafunzo yenyewe yalikuja kwa kuchelewa, na kwamba wafanyakazi wengi hawakuyapata kabisa.

Baada ya aibu ya namna hiyo, taasisi yoyote hushikwa na kishawishi cha kuongeza. Kozi ya nusu saa inakuwa ya saa mbili. Inaongezwa historia ya mikataba, hotuba ya mkurugenzi, na kurasa za maana ya maneno. Mimi naona kwamba hapo ndipo kosa la pili huanza. Tufanye hesabu ndogo. Kozi ya saa mbili kwa wafanyakazi 10,000 inakula saa 20,000, yaani siku 2,500 za kazi. Ni kama mtu mmoja afanye kazi karibu miaka saba bila kupumzika hata Jumapili. Anayetunga kozi angeandikiwa hesabu hiyo ukutani mbele ya meza yake, angeona haya kuweka ukurasa usio na faida. Tena kozi ndefu haimfundishi mtu zaidi. Humfundisha kubofya upesi.

Kwa walio chini hali ni mbaya zaidi. Mlinzi wa usiku hana kompyuta, naye dereva ana simu ndogo inayomeza megabaiti zake mwenyewe. Kozi imeandikwa kwa Kifaransa cha ofisini au kwa Kiingereza, umeme umekatika, na mwisho wa muda ni leo saa kumi. Basi humwomba karani amjibie. Karani hujibu, cheti hutoka chenye jina la dereva, na kwenye orodha ya mkubwa mahali pa dereva pamejaa. Sithubutu kumlaumu dereva huyo. Aliombwa cheti, naye amekileta.

Wengine husema kwamba bidii yote hiyo ni bure, kwani mwovu anajua vizuri kwamba anafanya uovu, na hakuna kozi itakayombadilisha moyo. Hoja hiyo ina nguvu, nami naikubali nusu yake. Yule aliyekusudia kumtesa msichana hatazuiwa na picha kwenye kioo cha simu. Lakini kozi haikuwa yake tangu mwanzo. Fikirini watu waliomzunguka: dereva aliyempeleka hotelini, karani aliyeona jina jipya kwenye orodha ya malipo na kushangaa, mwenzake aliyesikia mizaha mezani, msafishaji aliyemkuta msichana analia nyuma ya ghala. Hao ni wengi, na karibu wote wangetaka kutenda haki kama wangejua la kufanya. Wananyamaza kwa sababu hawajui kama jambo walilolishuhudia limekatazwa, hawajui wamwambie nani, na wanaogopa kupoteza kazi. Mafunzo ya lazima yatungwe kwa ajili ya shahidi huyo.

Tukikubali hivyo, kozi yenyewe hupungua mara moja. Historia ya mikataba inaondoka. Yanabaki mambo machache ambayo dereva atayahitaji siku ya Jumatatu: kwamba ridhaa ya msichana anayetafuta kazi haigeuzi jambo kuwa halali, kwamba yeye dereva ana wajibu wa kusema, namba ya kupiga, ni nani atakayeipokea simu, jina lake litafichwaje, na atalindwaje mkubwa wake akikasirika. Shirika lisiloweza kujibu hilo la mwisho lisianze kutunga kozi. Litengeneze kwanza ulinzi wenyewe.

Na yafundishwe kwa visa. Badala ya kumuuliza mtu maana ya neno "unyonyaji", aulizwe hivi: kiongozi wa timu amekuagiza umrudishe mjini msichana aliyeandikwa kazini jana, naye njiani anakwambia alichodaiwa, utafanya nini kabla ya jioni? Jibu likikosewa, aelezwe kwa nini, palepale, wala asiambiwe tu kwamba amepata alama sita. Visa hivyo visomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na, huko Butembo, kwa Kinande, katika faili ndogo inayofunguka bila intaneti. Na muda wa kusikiliza uwe ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Mfanyakazi wa zamani anayejibu visa vyote sawasawa tangu mwanzo aachwe aende zake. Kumrudishia kila mwaka mafundisho anayoyajua ni kumfundisha kuyadharau.

Kisha kuna suala la kusahau, ambalo watungaji wengi hulipita kimya. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ilimtoka ndani ya siku ya kwanza. Mwaka 2006 Wamarekani Roediger na Karpicke walionyesha kwamba, baada ya juma moja, wanafunzi waliojaribiwa juu ya somo walilikumbuka kuliko wale waliolisoma tena na tena. Kwa hiyo swali moja fupi kwenye simu baada ya juma, na jingine baada ya mwezi, lina faida kuliko saa nzima ya kozi inayofanywa mara moja kwa mwaka.

Limebaki suala la kipimo. Donald Kirkpatrick alipendekeza mwaka 1959 kwamba mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: kama watu waliyapenda, kama walijifunza kitu, kama mwenendo wao kazini ulibadilika, na matunda gani yalipatikana. Kuhesabu vyeti hakufiki hata ngazi ya kwanza. Mkubwa anayetaka ukweli atazame simu zinazopigwa. Zikiongezeka miezi ya mwanzo, asitishike wala asizifiche. Huenda ni kwamba wale waliokuwa wakinyamaza wameanza kusema. Eneo lenye wafanyakazi wengi na malalamiko sifuri ndilo la kutembelewa kwanza.

Nina neno moja kwenu mnaotafuta kazi. Kanuni hizo hufundishwa wafanyakazi, ilhali anayedaiwa mwili wake hajaajiriwa bado. Hana anwani ya kozi wala neno la siri la kuingilia. Zisomeni katika mikutano yenu ya vijana, wasichana na wavulana pamoja. Shirika jipya linapokuja mtaani kuandika watu, mwombeni namba ya malalamiko yule anayeandika majina, na mwombeni aibandike ukutani kabla hajaandika jina la kwanza.