Mawe Tumeyalinda, Karatasi Je?

Mwaka juzi nilibahatika kupata ufadhili mfupi wa kwenda London. Nilichokifuata huko si kigeni kwa wasomaji wa jarida hili: mashairi ya Muyaka bin Haji, yaliyokusanywa na William Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na ambayo miswada yake imehifadhiwa katika maktaba ya SOAS. Naam, mtafiti wa Kenya husafiri takribani kilomita 7,000 ili asome yaliyotungwa Mvita. Hata hivyo, ninalotaka kulisema halikunijia maktabani. Lilinijia mashambani, kaskazini mwa Uingereza, mwenyeji wangu aliponipeleka kuyaona magofu ya abasia ya Fountains.

Abasia hiyo imo bondeni, kando ya mto mdogo wa Skell, katika jimbo la Yorkshire. Ilianzishwa mwaka 1132 na watawa 13 waliotoka mjini York, wakiona kwamba maisha ya huko yamelegea mno. Baadaye wakajiunga na shirika la Cîteaux, wakafuga kondoo, wakauza sufu hadi kwa wafanyabiashara wa Italia, na ufukara walioukimbilia ukageuka utajiri. Mwaka 1539 utawala wa Mfalme Henry wa Nane ukaifunga. Risasi ya paa ikabanduliwa na kuyeyushwa. Baadhi ya mawe yakajengea jumba la tajiri lililo hatua chache tu kutoka hapo. Mwaka 1767 bwana mwingine akayanunua magofu yenyewe yawe pambo la bustani yake! Leo nyasi zimekatwa vyema, ghala la watawa lenye urefu wa mita 90 hivi lingali na dari yake ya matao, na tangu mwaka 1986 mahali hapo pamo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ama kwa hakika, wenzetu wanajua kutunza mawe.

Kisha mwenyeji wangu akanionyesha, langoni mwa ukumbi wa mikutano ya watawa, mahali palipowekwa vitabu. Palikuwa patupu. Nilisimama pale kuliko nilivyosimama penginepo. John Bale, ambaye hakuyalilia makao ya watawa yalipofungwa, alilalamika mwaka 1549 kwamba walioyanunua majengo walizitumia kurasa za vitabu kusugulia vinara vya mishumaa na viatu, na nyingine wakawauzia wachuuzi wa viungo na sabuni.

Hapo nikamkumbuka mzee mmoja wa kisiwani Pate. Nilipokuwa nikimalizia shahada ya kwanza, alinieleza kwamba marehemu babu yake aliacha kasha la tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Nikaahidi kurudi. Mitihani, nauli, na uvivu pia, vikanizuia. Nikarudi baada ya miaka 3.

"Mwanangu, umechelewa," akaniambia. "Mchwa wamekutangulia kusoma."

Alicheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko karipio. Kurasa zilizosalia zilikuwa zimegandamana kwa unyevu. Niliambulia beti 4, na jina la mtunzi halikuwamo.

Basi hoja yangu ni hii. Kila mwaka chama chetu huandaa ziara, na aghalabu tunakwenda Gedi au Fort Jesus. Sina ugomvi na Gedi. Ilitangazwa kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1927, na mwaka 2024 ikaingizwa katika orodha ile ile ya Urithi wa Dunia. Ina walinzi, ina makumbusho. Tunapiga picha mbele ya msikiti, tunakula biriani Malindi, tunarudi. Tenzi zilizo chini ya vitanda vya watu hazina mlinzi.

Wapo watakaosema kwamba miswada muhimu imekwisha kukusanywa, na kwamba ingalibaki huku ingaliliwa na mchwa. Hoja hiyo ina ukweli nisioupenda: bila Taylor, huenda Muyaka tungalimjua kwa jina tu. Lakini mkusanyaji hubeba kilichomvutia yeye. Daftari za nyimbo za arusi, barua za mabaharia kwa wake zao, nani atazijali tusipozijali sisi?

Sipendekezi tuombe kasha la mtu. Karatasi zibaki kwa wenyewe. Sisi tupige picha kila ukurasa kwa idhini yao, nakala moja tuwaachie, nyingine iwekwe idarani. Nao watufundishe kusoma hati hizo. (Ni wangapi miongoni mwetu wanaoweza? Nilipoanza uzamili sikuweza, ilhali nilikuwa nimefaulu mtihani wa ushairi wa kale.)

Ziara ya mwaka huu imepangwa kwenda Gedi. Namwomba Katibu aongeze siku 2, tuendelee hadi Lamu na kuvuka kwenda Pate. Yule mzee ana dada yake Siyu, naye, nimeambiwa, ana kasha.