Pia Iliyo Ndani ya Ndege

Asubuhi nyingi hapa Mahoko, Rwanda, wingu hushuka kutoka upande wa Karisimbi, likafunika mashamba na bonde la Sebeya, hata aliye barabarani asijue mlima u wapi na ziwa li wapi. Nami kila nionapo hali hiyo humfikiria rubani wa ndege ndogo aendaye Gisenyi, ambaye akinaswa mawinguni hana shahidi wa kumwambia bawa lipi liko juu ila kile kisahani kilicho mbele yake, nusu buluu, nusu hudhurungi.

Ndani ya kisahani hicho mna gurudumu dogo mfano wa pia ya mtoto, ambalo aghalabu huzungushwa na hewa ifyonzwayo na pampu ya injini, maelfu ya mizunguko kwa dakika. Na madhali lina kasi hiyo, halikubali kulazwa: ndege ikilala, lenyewe hubaki vilevile, na kisahani huonyesha tofauti hiyo. Mwaka 1929 Mmarekani Jimmy Doolittle alithibitisha kwamba kwa msaada wa vyombo vya namna hii rubani aweza kuruka na kutua bila kuona nje.

Lakini pia hiyo imeshikwa na vikuku vyenye ukomo wa kugeuka. Katika vyombo vya zamani, ndege ikiinamisha pua kupita nyuzi 60 au 70 hivi, vikuku hugota na pia ikapinduka; na mwanafunzi afundishwapo kuingia na kutoka katika mzunguko wa kuanguka, jambo hilo laweza kutokea mara kadhaa katika somo moja. Gurudumu halivunjiki siku hiyo; ziumiazo ni beringi zake, hata baada ya muda chombo kikaonyesha ndege imelala ilhali iko sawa.

Sisemi mafunzo hayo yaachwe, hasha, kwani rubani asiyeyapata huvuta usukani kwa hofu pale apaswapo kuusukuma mbele. Rai yangu ni kwamba shule zetu za urubani, kuanzia ile ya Soroti, Uganda, iliyoasisiwa mwaka 1971, zitenge ndege ya zoezi hilo, isiyo na vyombo hivyo au yenye kitasa cha kufungia pia; na ikiwa fedha haitoshi, kila zoezi liandikwe daftarini ili fundi ajue.

Na mwalimu, injini ikizimwa, asiharakishe kushuka. Akae atege sikio. Beringi nzima huendelea kuzunguka dakika kadhaa kwa mvumo laini; iliyochakaa hukwaruza, ikasimama mapema. Akiisikia sauti hiyo, ndege hiyo isimchukue mwanafunzi mawinguni kesho.